Nyota moja ya uongo na muuzaji mdogo wa Makadara

Uongo mmoja hauwaumizi wauzaji wote sawasawa. Mwenye hoteli ambayo kwenye ramani ya Google ina maoni mia moja, yote ya nyota tano, akibandikwa nyota moja na mtu mwenye chuki, wastani wake unashuka hadi 4.96. Hakuna mteja atakayetambua. Mwenye maoni manne tu, yote ya nyota tano, nyota hiyohiyo moja inamshusha hadi 4.2. Wakija watatu waliopangana, anaporomoka hadi 3.3, na mtu anayetafuta chakula cha usiku kwa simu anampita bila hata kubonyeza jina lake.

Wauzaji wengi wa Makadara, Mombasa, wako upande huo wa maoni manne, na si kwa kukosa wateja. Kati ya Marikiti, Biashara Street na vichochoro vya Mji wa Kale, biashara imejengwa juu ya kujuana. Anayetoa mahamri na mbaazi asubuhi, anayekaanga viazi karai jioni, anayepika biriani ya oda nyumbani kwake, anayeuza madira kwa kuweka picha kwenye status ya WhatsApp: wote wana wateja wa miaka. Lakini mteja huyo akiridhika humtumia muuzaji ujumbe wa sauti, “Mashaallah, mkono wako mtamu,” na sifa hiyo inaishia kwenye simu mbili. Mwenye kinyongo naye huenda kuandika pale ambapo kila mgeni anaona. Kwa hiyo tatizo la maoni ya uongo, kwa muuzaji wa hapa, huanza kabla uongo wenyewe haujaandikwa. Sifa zake zote ziko mafichoni, na lawama ndiyo pekee iliyo hadharani.

Zamani hilo halikuwa na neno, maana aliyetaka kujua nani anapika vizuri aliuliza barazani. Sasa tangu treni ya Madaraka Express ianze safari mwaka 2017, mgeni anaweza kushuka Miritini akiwa tayari ameshachagua atakakokula. Huyo hana shangazi wa kumuuliza. Ana simu. Michael Luca, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyelinganisha nyota za mtandao wa Yelp na mapato ya mikahawa ya mji wa Seattle, aliona kwamba nyota moja zaidi ilipandisha mapato kwa asilimia 5 hadi 9, na ulioguswa na nyota hizo ni mkahawa wa mtu binafsi. Mikahawa ya kampuni zenye matawi kila mahali haikutikisika, kwa sababu mteja anaijua hata bila nyota.

Na nani huandika uongo huo? Watu wa hapa hujibu upesi: kikulacho ki nguoni mwako. Utafiti hauwapingi sana. Mwaka 2014 Dina Mayzlin, Yaniv Dover na Judith Chevalier walichapisha kazi iliyolinganisha mtandao wa TripAdvisor, ambako yeyote anaweza kuandika, na ule wa Expedia, ambako huandika aliyelipia chumba tu. Hoteli zilizopakana na hoteli nyingine, hasa ikiwa jirani huyo ni hoteli ndogo yenye mwenyewe mmoja, zilikuwa na maoni mabaya mengi zaidi kwenye TripAdvisor kuliko kwenye Expedia. Mlango uliokuwa wazi uliwapa washindani nafasi. Hata hivyo takwimu za hoteli za Marekani hazimtii hatiani jirani yako wa Makadara, na kumtaja hadharani bila ushahidi ni kujigeuza wewe mshtakiwa.

Kwanza, soma maoni yenyewe mara mbili, hasira ikishapoa. Tuseme umekuta haya: “Niliagiza biriani ya watu kumi saa sita, ikafika saa nane, nyama ngumu, simu hawapokei.” Yanachoma, lakini yawezekana ni kweli. Angalia siku hiyo kulikuwa na nini. Pengine wa tuktuk alikwama kwenye foleni, pengine ulikuwa na oda tatu za harusi. Maoni ya namna hiyo dawa yake ni kuomba radhi na kurekebisha, kwa sababu kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma zenye kiwango kinachofaa, na kulalamika ni sehemu ya haki hiyo. Mwingine ameandika: “Biriani ya hapa haina ladha, afadhali ya ng’ambo ya barabara.” Hayo ni ya mdomo wake, na huwezi kumshtaki mtu kwa ulimi wake kukosa kuonja. Wa tatu ameandika: “Hawa wanapika nyama ya paka.” Hapo mambo yamebadilika. Ni dai la jambo linaloweza kuthibitishwa au kukanushwa, na katika nchi ambayo mwaka 2018 mtu alikamatwa Nakuru akichinja paka na kuuza nyama yake, msomaji hatalichukulia kuwa mzaha.

Wengi wanaokuja kutaka ushauri huanza na maoni ya aina ya kwanza na kuyaita ya tatu. Muuzaji anayeripoti kila lawama kuwa ni njama hupoteza muda wake, na akipata kashfa ya kweli tayari ameshachoka.

Basi rudi kwenye rekodi. Ujumbe wa M-Pesa una jina la aliyelipa, kiasi, tarehe, saa na nambari ya muamala yenye herufi na tarakimu kumi. Hata usipokuwa na daftari, simu yako imekuandikia. Tafuta jina la aliyetoa maoni, tafuta tarehe anayodai alinunua, tafuta oda inayofanana na anayoieleza. Usipomwona, si ushahidi kamili, maana huenda alilipa kwa simu ya mumewe au alitumia jina la utani. Lakini ukiweza kusema kwamba siku ile anayodai kulishwa chakula kibovu ilikuwa siku ya mfungo na jiko halikuwashwa mchana, hilo lina uzito. Anayeuza bila rekodi yoyote, taslimu mkononi na oda kichwani, ndiye anayeonewa kwa urahisi kuliko wote.

Ukishajiridhisha kwamba ni uongo, usikimbilie kuripoti. Hifadhi kwanza. Maoni yakifutwa au mwandishi akiyabadilisha, umebaki na hadithi ya kusimulia tu. Piga picha ya skrini inayoonyesha maneno yote, jina la akaunti, nyota na tarehe. Nakili kiungo cha maoni hayo. Kisha bonyeza jina la mwandishi uone ameandika nini kwingine, na hapo ndipo mara nyingi siri hufichuka. Akaunti iliyowapa nyota moja wapishi watano wa biriani wa mji huu ndani ya siku moja, na nyota tano mpishi wa sita, inajieleza yenyewe. Piga picha hizo pia. Mteja akivunja oda akitaja maoni hayo, mwombe akuandikie sababu kwa ujumbe, maana hasara isiyoandikwa ni vigumu kuidai. Tena usiichezee simu uliyotumia: kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinataka ushahidi wa kielektroniki uambatane na cheti kinachoeleza ulivyopatikana na chombo kilichotumika. Picha iliyozunguka simu saba kabla ya kufika kwa wakili inaleta maswali.

Sasa ripoti, lakini ujue unayemwandikia. Google haijiweki kuwa hakimu wa ugomvi wa muuzaji na mteja. Ukiiandikia “huyu ni mwongo”, umepoteza. Inachouliza ni kama maoni yamevunja kanuni zake: je, yameandikwa na mshindani au mfanyakazi wa zamani mwenye maslahi? Je, hayahusu huduma yako kabisa, bali ugomvi wa urithi au siasa za kaunti? Yana matusi, vitisho, chuki za dini au kabila, nambari ya simu au picha ya mtu? Yametoka kwa akaunti zinazorusha maneno yaleyale kila mahali? Chagua kanuni moja inayoshika, uambatanishe na unachokijua. Wakikataa, unaweza kukata rufaa mara moja tu, kwa hiyo ushahidi wako bora usiutupe ovyo. Kuwaomba ndugu ishirini wabonyeze kitufe cha kuripoti hakubadilishi kanuni.

Yote hayo yanahitaji uwe umethibitisha kwamba biashara ile kwenye ramani ni yako, kazi isiyolipiwa hata senti. Duka lako linaweza kuwa kwenye ramani bila wewe kujua, kwa sababu mpita njia yeyote anaweza kuliongeza. Wapo wanaoonyeshwa maoni yao na mpwa wa shule, yakiwa yamekaa pale mwaka mzima.

Mashine nazo zinafanya kazi. Kwa mwaka 2024 peke yake Google ilisema imezuia au kuondoa maoni zaidi ya milioni 240 yaliyovunja kanuni. Lakini mashine hiyohiyo hukosea, ikameza na ya kweli. Kwenye Facebook mwenye ukurasa anaweza kuzima kabisa sehemu ya mapendekezo. Binafsi naona inafaa kwa siku chache za mashambulizi, si kwa kudumu, kwa kuwa unazima na mema. Instagram na TikTok ni rahisi zaidi kwa maneno yaliyo chini ya picha yako, unayafuta, na ni ngumu zaidi kwa video ya mtu mwingine.

Akija mtu na ujumbe wa “tuma elfu tano nifute”, usilipe na usimtukane. Ujumbe huo ni zawadi, kwa sababu umegeuza suala la maoni kuwa suala la kutishia mtu ili atoe pesa. Uhifadhi, uripoti kwa mtandao husika, maana Google na TripAdvisor zina njia maalumu za kupokea malalamiko ya namna hiyo, kisha uende kituo cha polisi uandikishe na uondoke na nambari ya OB. Ukilipa, atarudi na akaunti nyingine.

Wakati ripoti inasubiri, na hata ikikataliwa, kuna jibu. Hapa ndipo pana faida kubwa kuliko pote, na ndipo wauzaji hujiharibia. Jibu la kawaida ni hili: “Wewe mwongo, tunajua umetumwa na nani, Mungu atakulipa.” Anayelisoma si yule mwongo. Ni mama kutoka Nakuru anayetafuta pa kuwalisha watoto wanne usiku wa leo, na alichokiona ni muuzaji anayegombana na wateja. Mwandikie huyo mama. Kwa mfano:

“Assalaam aleikum. Tumetafuta jina hili na tarehe hii kwenye oda zetu, hatukuziona. Nyama yetu tunanunua kwenye bucha yenye leseni, na risiti tunazo. Vyeti vya afya vya wapishi wetu vimebandikwa ukutani, karibu uvitazame. Kama ulinunua kwetu, tupigie kwa nambari iliyo kwenye ukurasa huu.”

Angalia kilichofanyika. Salamu imeonyesha adabu. Sentensi ya pili imetia shaka kwa mdai bila kumwita mwongo. Za katikati zimetaja vitu vinavyoweza kukaguliwa. Ya mwisho imefungua mlango, na mwongo hapigi simu. Tena tuhuma yenyewe, neno “paka”, haikurudiwa, kwa sababu hakuna sababu ya kuisoma mara mbili. Sharti ni moja: usiandike cheti usichokuwa nacho. Wengine hukwama hapa. Wanapika kwa usafi kuliko hoteli nyingi, lakini kibali cha kaunti hawajawahi kukifuata, na uongo wa mwenzao unawakuta hawana karatasi ya kushika.

Kwamba kujibu kunasaidia si dhana tu. Davide Proserpio na Georgios Zervas, katika utafiti wao wa 2017, waliona hoteli zilizoanza kujibu wageni kwenye TripAdvisor zilipata maoni zaidi kwa asilimia 12 na wastani wao ukapanda kwa nyota 0.12. Maelezo yao yanaingia akilini: anayejua kwamba mwenyewe atasoma na kujibu, hasiti kama ana la kweli, lakini huona haya kuandika la kubuni.

Google ina kitufe cha kujibu. Kundi la WhatsApp halina, na Makadara moto mkubwa huwaka huko. “Jamani msinunue kaimati za fulani, mtoto wangu ameharisha usiku kucha.” Sauti ya sekunde ishirini, imetumwa siku tatu kabla ya Ramadhani, wakati ambapo oda za mwezi mzima zinapangwa. WhatsApp haisomi ujumbe huo na haitaufuta kwa sababu wewe umelalamika. Mwaka 2019 kampuni hiyo iliweka kikomo cha kusambaza ujumbe kwa mazungumzo matano kwa wakati mmoja, na 2020 ikapunguza hadi moja kwa ujumbe uliokwisha kuzunguka sana. Kikomo hicho hupunguza mwendo, lakini hakizimi moto.

Ushauri wangu hapo ni kutoingia kundini na sauti ya dakika nne ya kulia na kuapa. Mtafute admini. Mpe maandishi mafupi ya namna ile ile ya hapo juu ayabandike yeye, na mwombe mteja wako mmoja anayeheshimika humo aseme alichokula. Kisha fuata sauti kwa mwenyewe. Mji wa Kale si mkubwa. Mara nyingi kabla ya magharibi umeshajulishwa sauti ni ya nani. Nenda na mtu mzima mnayemheshimu wote wawili, usiende na kaka zako. Huenda utakuta mtoto kweli aliharisha, kwa maji ya barafu alizokula shuleni, na mama aliunganisha mambo yasiyohusiana. Mama kama huyo akikubali kurekodi sauti nyingine ya kusahihisha na kuituma kundi lilelile, umepata kitu ambacho hakuna mahakama ingekupa kwa haraka hivyo. Upatanisho wa namna hii si wa pembeni mwa sheria, kwani kifungu cha 159 cha Katiba kinaziagiza mahakama zenyewe kuhimiza njia mbadala za kutatua migogoro, zikiwemo za kimila. Lakini kwa Kadhi usiende na shauri hili. Mamlaka yake kikatiba ni hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi miongoni mwa Waislamu.

Ikishindikana, ndipo sheria, na hapa kuna mambo matatu watu huyachanganya.

La kwanza ni polisi. Wapo wanaodhani kumchafulia mtu jina ni kosa la kumtia mtu ndani. Lilikuwa hivyo, kwa kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, hadi tarehe 6 Februari 2017, Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu alipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba katika kesi ya Jacqueline Okuta na mwenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Kesi hiyo inatuhusu kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa waliolalamika walikuwa wameshtakiwa kwa maneno yaliyowekwa kwenye ukurasa wa Facebook wa Buyer Beware, ukurasa wa kutahadharisha wanunuzi. Jaji alisema madai ya fidia yanatosha, jela haina kazi hapo. Mwaka uliofuata ikaja Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao, ambayo kifungu chake cha 23 kiliweka faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka 10 kwa kusambaza uongo wa kumharibia mtu sifa. Kilianza kupingwa mahakamani mara tu kilipopitishwa. Sikushauri uijenge biashara yako juu yake, na wala sioni fahari ya muuzaji kumfunga mteja.

La pili ni mahakama ipi. Mahakama za Madai Madogo, zilizoanza kazi 2021, zinapendwa kwa sababu husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na kutakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60. Lakini sheria iliyoziunda inazikataza waziwazi kusikiza kesi za kashfa. Utakwenda mahakama ya kawaida, kwa gharama na subira yake.

La tatu ni muda, na ndilo linalowaangusha wengi. Madai ya kawaida ya madhara yana miaka mitatu. Kashfa ina miezi 12 tu, chini ya Sheria ya Ukomo wa Kesi, Sura ya 22. Anayengoja mwongo apate haya mwenyewe anaweza kuamka siku ya 366 akiwa hana kesi.

Mbele ya hakimu utatakiwa uonyeshe kwamba maneno yalikuwa ya uongo, yalimfikia mtu mwingine asiyekuwa wewe, yalikushusha machoni pa watu, na yalikuhusu wewe. Hili la mwisho Mombasa tunalielewa vizuri. Mwanamke anayempiga jirani kijembe kwa kanga hataji jina, ndiyo maana hakuna anayempeleka kortini. Kwenye ramani jina la duka lipo, mahali lipo, na picha ya mlango ipo. Mshtakiwa naye ana kinga zake: akithibitisha ni kweli, au ni maoni ya haki juu ya jambo lenye maslahi kwa umma, anatoka. Hukumu yangu ni kwamba barua ya wakili, yenye kunukuu maneno, kudai yaondolewe na kutoa siku saba, inamfaa muuzaji mdogo mara nyingi kuliko kesi yenyewe. Kesi iache kwa aliyepoteza mkataba mkubwa, anayemjua mwandishi kwa jina, na mwenye faili lililojaa.

Kuna na njia za mkato zinazovutia. Kubandika mtandaoni picha ya mteja, nambari yake na mazungumzo yenu ili watu wamshambulie ni mojawapo. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliipiga klabu ya Casa Vera ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Hasira haikupi idhini hiyo. Nyingine ni kununua nyota tano za bandia kufunika nyota moja ya bandia. Najua zinauzwa. Mwandishi Oobah Butler alionyesha mwaka 2017 zinavyoweza kudanganya ulimwengu, alipolifanya banda la bustani yake kuwa mkahawa namba moja wa London kwenye TripAdvisor bila kupika sahani moja. Tangu hapo mambo yamekazwa: Marekani ilipiga marufuku biashara ya maoni bandia kuanzia Oktoba 2024, Uingereza kuanzia Aprili 2025, nayo Kenya tayari ilikuwa na Sheria ya Ushindani ya 2010 inayokataza kumpotosha mnunuzi. Lakini sababu kubwa ni nyingine. Siku Google ikizigundua, inafagia, na inaweza kufagia na zile tano za kweli ulizokuwa nazo.

Za kweli zinapatikana kwa kuomba. Oda ikishapokelewa na mteja akakutumia ile sauti ya “mkono wako mtamu”, mjibu shukrani na umtumie kiungo cha ukurasa wako papo hapo, ukimwomba aandike aliyokwambia. Usimwahidi sambusa za bure wala kumpunguzia bei, hilo kanuni za Google zinalikataza. Usiwaombe wateja wote siku moja, maana maoni thelathini ya usiku mmoja mashine inayaona kama ya kununuliwa. Mmoja leo, wawili wiki ijayo. Mwombe ataje alichonunua, kwa sababu “kaimati za shira ya iliki, zilifika za moto” humshawishi mgeni kuliko nyota tano zisizo na neno. Ikifika mfungo wa mwaka ujao uwe na maoni hamsini, na nyota moja ya uongo itakushusha hadi 4.9.

Na wewe msomaji unayekula kwa wauzaji hawa kila Ijumaa, ukamtumia mama wa watu sauti ya kumsifu, sauti hiyo haimkingi na lolote. Fungua ramani leo, tafuta jina la duka lake, uandike ulichokula na siku uliyokula. Duka lisipokuwepo, liongeze.